Leo Mafuta Yanaruhusiwa?

Jikoni mwa bibi niliyemtunza Athens palikuwa na kalenda ya kanisa, ile ya kuchana karatasi moja kila asubuhi. Ilitundikwa kando ya friji. Chini ya tarehe paliandikwa jina la mtakatifu wa siku hiyo, na chini yake sheria kwa maneno mawili matatu: kufunga, mafuta na divai ruhusa, samaki ruhusa. Kabla ya dawa za presha na kabla ya kumwosha, nilichana karatasi ya jana nikamsomea ya leo. Akishasikia, alijua nini kitapikwa. Katika nyumba ile sikumbuki mtu kuuliza tule nini. Waliuliza leo ni siku gani, na kama mafuta yanaruhusiwa.

Mimi ni mtu wa Tanga, Mwislamu, nimekulia kwenye wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nilikwenda Ugiriki kufanya kazi za ndani na kuangalia wazee, kazi ambayo kule huifanya zaidi wanawake wa kigeni. Nyumba ilikuwa Kypseli, mtaa wa maghorofa yaliyobanana. Watanzania si wageni pale: mabaharia wetu walioshuka meli Piraeus, bandari ya Athens, wamekaa humo miaka mingi, na Jumapili ukipita unasikia Kiswahili mbele ya mikahawa. Hao ndio walionipa somo la kwanza. Walisema chakula cha Wagiriki ni suvlaki na yiros, nyama ndani ya mkate, na mara nyingi nyama yenyewe ni nguruwe, kwa hiyo nijiandae kuishi kwa chipsi.

Suvlaki ipo kweli, kila kona, na sina ugomvi na anayeipenda. Lakini ndani ya nyumba ya bibi yule nyama ilikuwa chakula cha Jumapili, tena si kila Jumapili. Siku nyingine ni maharage meupe, adesi, dengu, majani ya kuchemsha na mafuta ya zeituni. Nilimwita Yiayia, kama wajukuu zake walivyomwita, naye akaniita mwanangu, na kwa miaka niliyokaa naye nilifika kuamini jambo ambalo bado nalishikilia: anayetaka kukijua chakula cha Wagiriki aanzie kwenye siku zao za kufunga, sikukuu atazikuta mbele.

Mfungo wao una hesabu yake. Jumatano, kwa kuwa ndiyo siku Yesu aliyosalitiwa. Ijumaa, kwa kuwa ndiyo aliyosulubiwa. Kwaresima nzima. Siku kumi na nne za mwanzo wa Agosti, kabla ya sikukuu kubwa ya Bikira Maria tarehe 15. Siku 40 kabla ya Krismasi, kuanzia tarehe 15 Novemba. Kuna na mwingine wa mitume mwezi Juni. Ukijumlisha zote unakaribia nusu ya mwaka. Nyama, maziwa, jibini na mayai haviguswi, na samaki naye ana siku zake. Siku kali zaidi hata mafuta yanakatazwa. Lakini pweza, ngisi na kamba wanaliwa, maana hawahesabiwi kuwa na damu. Mtu wa pwani ukimwambia kula pweza ni kufunga, atakuuliza kufungua ni nini basi.

Kwangu siku zao za mfungo zilikuwa siku za raha. Sikuwa na haja ya kuuliza kimechinjwa na nani wala kimepikwa kwa mafuta gani. Mezani kila kitu kilikuwa changu. Binti yake, aliyekuwa akija baada ya kazi, hakushika mfungo hata kidogo, alikula jibini Ijumaa mchana kweupe mbele ya mama yake. Hata hivyo Ijumaa Kuu naye alikula adesi kwa siki kama sisi. Nimeona hivyo kwa wengi: imani inaweza kulegea, sufuria ikabaki na desturi yake.

Kuna jamii nzima ya mapishi inayoitwa ladera, mapishi ya mafuta. Maharage mabichi, bamia, biringanya, viazi, mamumunye machanga, kila kimoja kwa msimu wake, kinapikwa na kitunguu na nyanya kwa moto mdogo mpaka maji yaishe na yabaki mafuta peke yake. Mara ya kwanza kumwona akimimina zeituni nilidhani mkono umemteleza. Bilauri nzima kwa sufuria moja. Halafu kikishaiva hakiliwi. Kinaachwa kipoe, wakati mwingine mpaka kesho, na kinaliwa vuguvugu au baridi kabisa, na mkate wa kufyonza yale mafuta. Sisi tuliozoea chakula kutoka jikoni kikifuka moshi tunahitaji muda kukubali hilo. Mimi nilikubali siku ya joto la Julai, nilipofungua friji saa nane mchana nikakuta maharage ya jana.

Mafuta yenyewe hayakununuliwa dukani. Yalitoka kijijini kwa marehemu mume wake, Messinia, kusini-magharibi mwa Peloponnese, rasi kubwa ya kusini mwa Ugiriki, katika makopo makubwa ya bati ya kilo 17. Mgiriki wa mjini asiye na kijiji hununua kwa mwenye kijiji. Mwezi mmoja wa Novemba nilifuatana na binti kwenda kuvuna. Nyavu zinatandazwa chini ya mti, matawi yanapigwa kwa fimbo na mashine ndogo yenye vidole, kisha mnapiga magoti kutoa majani na vijiti. Zeituni za kule ni ndogo, aina ya Koroneiki, na mgongo unauma kabla ya saa nne. Jioni magunia yanapelekwa kinuni. Mwenye kinu hujilipa kwa kukata sehemu ya mafuta. Yanatoka ya kijani, mazito, yanawasha koo, na pale pale kinuni walichoma mkate, wakaumwagia mafuta mapya na chumvi, tukala tumesimama. Sijala mkate mtamu kuliko ule, na sababu moja ni njaa.

Mji wa Koroni hauko mbali na vijiji vile. UNESCO ilipoingiza ulaji wa Mediterania katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2010, kwa ombi la Ugiriki, Hispania, Italia na Moroko, Koroni ndiyo iliyosimama kwa niaba ya Ugiriki. Wataalamu walianza kuchungulia sahani za Wagiriki zamani zaidi. Mwaka 1948 watafiti wa Wakfu wa Rockefeller wa Marekani walikwenda kisiwa cha Krete kupima watu wanakula nini. Muongo mmoja baadaye mtafiti Mmarekani Ancel Keys na wenzake waliziingiza Krete na kisiwa kingine, Corfu, katika utafiti wao wa nchi saba kuhusu maradhi ya moyo, na Krete ikatoka na mioyo mizima kuliko wote. Binti alimsomea mama yake makala ya gazeti kuhusu hayo, jinsi majani na kunde na mafuta ya zeituni vilivyowaokoa wakulima. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, akasema walikula hivyo kwa sababu nyama haikuwepo, na kama wangeulizwa wangechagua nyama.

Sokoni ndiko nilikopata nyumbani kidogo. Kila mtaa wa Athens una siku yake ya laiki, gulio linalofunga barabara nzima tangu alfajiri mpaka saa nane au tisa mchana. Kiangazi cha kwanza niliona mafungu ya majani nikasimama. Mchicha. Wao huuita vlita, huuchemsha na mamumunye machanga na viazi, wakautia zeituni na ndimu. Nilinunua mafungu mawili, na nusu nikaipika kwa tui la kopo kutoka duka la Wabangladeshi karibu na uwanja wa Omonia, katikati ya mji. Bibi alionja, akanyamaza, akasema ni kitamu lakini kwa nini nimeupa mchicha ladha ya keki. Kwao nazi ni kitu cha keki na biskuti, na sikuweza kumtoa hapo mpaka mwisho. Tulitofautiana pia kwenye bamia. Mimi nataka uteleze. Yeye alizimwagia siki na chumvi, akazianika baraza ya juu juani ili ute uishe, na wakati wa kupika alikataza mwiko usiingie: sufuria unaishika masikio unaitikisa, basi. Kila tunda lilifika mezani zima na kavu, kama limehesabiwa. Naungama zilikuwa nzuri, ingawa kwetu mtu angeuliza zimeugua nini.

Siku moja nilijipikia ugali. Nilipata unga wa mahindi wa njano, nikausonga, nikakaa nao na mboga zangu mezani. Bibi aliuangalia uso ukabadilika. Akauliza kwa nini nakula bobota wakati nyumbani mkate upo. Ndipo nikasikia habari za majira ya baridi ya 1941 kuingia 1942, Wajerumani na wenzao wakiwa wameikalia nchi, chakula kimechukuliwa, njia za bahari zimefungwa na Waingereza. Athens watu walikufa njaa barabarani kwa maelfu kwa maelfu, na mkokoteni wa manispaa ulipita asubuhi kuokota maiti. Yeye alikuwa mtoto wa shule. Walikula majani ya kando ya njia na mkate wa mahindi, huo bobota, ukipatikana. Vita vilipokwisha aliapa hautaingia tena kinywani mwake. Akiangusha kipande cha mkate wa ngano alikiokota akakibusu. Maganda ya mkate hayakutupwa, yalikaushwa kwenye oveni. Tangu siku ile ugali niliula kwa rafiki zangu Watanzania, si kwake, na yeye hakunikataza.

Jirani wa ghorofa ya chini, ambaye asili yake ni kisiwa cha Samos, ndiye aliyenieleza kwamba wakati huo huo watu wa visiwa vya mashariki walivuka kwa mashua kwenda Uturuki, wakapelekwa Mashariki ya Kati, na baadhi wakafikishwa kwenye kambi za Kongo ya Wabelgiji na Tanganyika. Wagiriki wa mashamba ya mkonge niliwasikia tangu utotoni, Tanga ilijaa hadithi zao. Hawa wa kambini sikuwahi kuambiwa. Wao sembe yetu huenda waliila bila manung'uniko.

Wazazi wa bibi walikuwa watu wa Smyrna, mji ambao leo ni Izmir, Uturuki. Walitoka mwaka 1922, mji ukiungua. Zaidi ya watu milioni moja waliingia Ugiriki kutoka Asia Ndogo, yaani upande huo wa Uturuki, katika miaka ile, nchi ambayo yenyewe ilikuwa na watu kama milioni tano tu, na wenyeji hawakuwapokea kwa maua. Walikuja na harufu zao. Bibi alipika vikofta virefu vya nyama ya kusaga, sutsukakia, kwa bizari nyembamba, vitunguu saumu vingi na mchuzi wa nyanya wenye mdalasini. Mara ya kwanza bizari ile ilipopanda kutoka kwenye kikaango nilitoka chumbani bila kuitwa. Ugiriki ya jibini na majani makavu ya origano ghafla ilikuwa na harufu ya jikoni mwa shangazi yangu Ngamiani. Nyama niliinunua mimi, kwa mchinjaji Mwislamu karibu na Omonia, na bibi hakuona taabu. Kwenye mapishi yake kulikuwa na divai, nusu bilauri, ya kulowekea mkate unaochanganywa na nyama. Nilipomwambia mimi siwezi kula, hakuuliza maswali. Wiki iliyofuata nilimwona akiulowesha mkate kwa maji na kijiko cha siki, na divai haikurudi tena katika sutsukakia za nyumba ile.

Hapo nitie neno kuhusu musaka, maana kila mtu akisikia nilikaa Ugiriki huniuliza. Ile krimu nzito ya maziwa, siagi na unga iliyolala juu yake si ya kale. Iliwekwa na mpishi Nikolaos Tselementes katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Alikuwa amesomea upishi Vienna na alitaka meza ya Wagiriki ifanane na ya Wafaransa, ipunguze viungo na mambo ya mashariki. Wakati yeye akiondoa bizari upande mmoja, wakimbizi wa Smyrna waliishusha bandarini kwa upande mwingine. Bibi alipika musaka mara chache. Ni kazi ya nusu siku na inachafua kila sufuria.

Ramadhani za miaka ile ziliangukia kiangazi, jua la Athens linazama karibu saa tatu usiku. Msikiti rasmi haukuwepo bado; ule wa mtaa wa Votanikos ulifunguliwa Novemba 2020, na kabla yake tuliswali kwenye vyumba vya chini vya maghorofa. Bibi alishtushwa na habari ya maji. Kuacha nyama alielewa, hata mafuta. Maji? Alinifuata siku za kwanza na bilauri mkononi. Alipoona sishawishiki alianza kuuliza saa ngapi jua linazama, na adhuhuri ananikumbusha niloweke dengu ili jioni nikute supu. Tulilinganisha. Mfungo wake unabadili kinachoingia mdomoni na wangu unabadili saa. Alidai wake ni mgumu zaidi kwa sababu hauishi. Mimi sikukubali, na mjadala huo tuliuanza upya kila mwaka.

Lakini Pasaka alinishinda. Hakuna jambo nililoliona kule linalofikia mwendo wa majuma yale. Kwanza inakuja Alhamisi ya kuchoma nyama, kabla ya Kwaresima, mji mzima umefunikwa na moshi, wenye maduka wanaweka majiko ya mkaa njiani. Siku kumi na moja baadaye, Jumatatu Safi, nyama imetoweka. Watoto wanarusha tiara kilima cha Filopappou, na waoka mikate wanatoa lagana, mkate bapa wenye ufuta unaookwa siku hiyo. Unaliwa na mayai ya samaki yaliyopondwa, zeituni, pweza, na halua ya ufuta. Hiyo halua ni kavu, inavunjika vipande, mtu wa Zanzibar angedai arudishiwe fedha yake. Tarehe 25 Machi, siku Malaika alipompasha habari Maria na pia sikukuu ya uhuru wao wa 1821, samaki anaruhusiwa, na karibu kila nyumba inakaanga chewa mkavu wa chumvi na kumla na vitunguu saumu vilivyopondwa na viazi. Ngazi za ghorofa letu zilinuka mpaka keshokutwa.

Alhamisi Kuu mayai yanapakwa rangi nyekundu. Jumamosi usiku wa manane kanisa linazimwa taa, moto unatoka kwa padri na kuenea mshumaa kwa mshumaa mpaka nje barabarani. Mimi nilisimama nje nikishika kiti cha magurudumu cha bibi. Moto huo unafikishwa nyumbani bila kuzimika, na kwa moshi wake unachorwa msalaba juu ya mlango. Halafu saa saba usiku watu wanakula mayiritsa, supu ya maini, mapafu na utumbo wa mwanakondoo atakayechomwa kesho, yenye majani ya saladi, mayai na ndimu. Ina akili yake: tumbo lililokaa siku 48 bila nyama linaamshwa taratibu, na hakuna kiungo cha mnyama kinachopotea. Mimi nilipikiwa ya uyoga. Kisha tuligonganisha mayai, lake na langu, na alikuwa akichagua yai lake kwa kuligonga meno kwanza kusikia kama ni gumu. Wizi mtupu.

Alifariki majira ya baridi, akiwa kitandani kwake. Baada ya mazishi watu walipewa kahawa kavu, mkate mkavu na brandi kidogo, kisha supu ya samaki. Siku ya 40 kunapikwa koliva. Kwetu arobaini ni hitima na pilau. Kwao ni ngano. Binti hakuwa anajua, akaitwa mama mmoja wa kanisani kutuelekeza. Ngano inachemshwa, inachujwa, inatandazwa juu ya kitambaa cheupe usiku kucha ikauke, la sivyo inachacha. Asubuhi inachanganywa na lozi, zabibu kavu, punje za komamanga, mdalasini na unga uliokaangwa mpaka uwe hudhurungi. Kukaanga unga kulikuwa kwangu, maana hakutakiwi kuacha mkono. Juu inafunikwa sukari ya unga, inalainishwa kwa karatasi, unapangwa msalaba wa lozi. Yule mama alinieleza ni kwa ajili ya punje inayokufa ardhini ili izae. Kanisani iligawiwa kwa mifuko midogo, na mtu akipokea alitaja jina la marehemu na kumwombea. Nami nilipewa mfuko wangu, nikaula kwenye basi.

Nikiwa nimekwisha kurudi Tanga, binti alinipigia simu ya video. Alikuwa na nyama ya kusaga mezani. Wanawe walitaka sutsukakia za bibi, na mama yake hakuandika chochote. Nikamwelekeza: bizari izidi unavyodhani, vitunguu saumu vipondwe na chumvi, mkate uloweshwe maji na kijiko cha siki, ukamuliwe, viviringwe mkono ukiwa na maji. Akauliza, na divai kiasi gani? Nikamwambia habari ya divai siijui, mimi nimefundishwa ya siki. Akasema hata yeye sasa anakumbuka ya siki tu, akaniegemeza kwenye chupa ya mafuta na kuniomba nisikate mpaka vikaangwe.